Naogelea Vizuri

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki tena mlangoni kama zamani nilipokuwa nikimwita mtu toka ng'ambo ya barabara hapa Miembeni. Chetna, binti yangu, kaa hapa karibu na kichwa. Edvina na Onesphory, kaeni kitandani, mmeshaigiza wagonjwa mara nyingi, hamtaogopa. Na wewe, Ta Kahangwa, uliyetoka Ngenge asubuhi hii baada ya miaka kumi na minne bila hata salamu, chukua kiti, usisimame kama mtu aliyekwisha kuaga.

Duka la marehemu mume wangu Ramniklal lina wenyewe na karatasi zake ziko kwa wakili, sina la kuongeza. Ninachowaachia leo ni kazi yangu ya uwakala. Mnajua ilivyoanza: simu ya duka letu ndiyo waongozaji wa Dar na Mwanza walikuwa wakiipiga wakitafuta waigizaji wa huku, nami nikituma mtu akawaite, mpaka siku moja nikajikuta naulizwa mimi nani anafaa. Kazi hiyo haikuwa na mtaji ila neno langu. Nikisema huyu anaweza, walimchukua bila kumwona. Neno hilo ndilo analolirithi Chetna, nalo lina doa, na aliyelitia doa amekaa kwenye kiti kile.

Usiinamishe kichwa, Kahangwa. Uliniaibisha mbele ya watu, nami nakwambia mbele ya watu. Mwongozaji alitaka mtu wa kuruka toka mtumbwini. Nilikuuliza pale dukani, ukacheka, ukachukua kalamu, na kwenye karatasi yako, maana kila mwigizaji nilimwekea ya kwake, ukaandika kwa mkono wako: naogelea vizuri. Mtu uliyekulia kwenye migomba na ng'ombe, nami kwa kukupenda nikaamini. Siku ya kupiga picha ulizama papo hapo, wavuvi wakakutoa, kazi ikasimama, na mwongozaji alipokuuliza ukamjibu, "Ma Urmila ndiye aliyeandika. Mimi sikusema kitu."

Nilikuwa nimesimama pale ufukweni na taulo mkononi. Nilikuwa nimekuletea taulo, Kahangwa.

Ulinitosa, na tangu siku ile wapo waongozaji wanaosema yule mama Mhindi anapeleka watu asiowajua. Ningeweza kuwaonyesha karatasi. Sikuionyesha, kwa sababu usingepata kazi tena, na kwa sababu kila wiki nilidhani utakuja kusema mwenyewe. Badala yake nikasikia umepata wakala mwingine Mwanza. Hilo liliniuma kuliko maneno ya ufukweni, na bado linaniuma, nisiwadanganye.

Lakini na mimi nina kosa, na Chetna alisikie vizuri. Nilimuuliza mwanamume mzima mbele ya wateja kama anajua kuogelea. Angejibu nini, huku Evelyne, fundi wa cherehani pale barazani, anacheka? Ukitaka kujua mwigizaji wako anachoweza, muulize mkiwa wawili, na umpe nafasi ya kusema hapana bila kuona haya. Wapigie simu hata kama hakuna kazi. Akikataliwa, mwambie amekataliwa na umwambie sababu, usimwache akae kijijini Maruku anasubiri.

Onesphory, wewe siku ya kwanza uliniambia, Ma, mimi sisomi haraka, nipe maneno siku tatu kabla. Uliona aibu, nikakuona unatoa jasho. Basi tangu siku hiyo sikukubali kazi yako yoyote bila kudai siku hizo tatu, na wote wanadhani una kipaji cha kukariri. Endelea hivyo na Chetna. Mwambie unachoogopa kabla mwongozaji hajakigundua. Edvina, wewe kipaji unacho, ila unakubali kazi kwenye simu yako kimyakimya, halafu siku moja unatakiwa Bukoba na Muleba saa ileile, na wakala wako anabaki kuomba radhi kwa jambo asilolijua. Acha. Kama humtaki Chetna, mwambie uso kwa uso, muagane mkiwa mnaheshimiana. Mkataba usomeni pamoja, kwa sauti, na usipoelewa uliza hadi uelewe.

Nipe maji, mwanangu. Kidogo tu. Inatosha.

Nawabariki wote. Mungu awape kazi ya heshima, na awape mtu mmoja msiyelazimika kuigiza mbele yake. Wewe pia, Kahangwa, nimekutia humo, ingawa moyo ulikuwa unakataa.

Chetna, fungua droo. Karatasi iko chini ya picha ya baba yako. Mpe. Unaujua mwandiko huo, Kahangwa? Usiichane. Sitaki machozi wala kupigiwa magoti. Hapo chini ya maneno yako pana nafasi, niliiacha makusudi. Andika ukweli, uweke jina lako na tarehe ya leo, ili binti yangu akisema huyu anaweza, asiwepo wa kumcheka.

Mpe kalamu, Chetna. Siyo hiyo, haina wino. Ile ya... ndiyo, hiyo.

Sioni vizuri, lakini masikio bado yapo. Andika, baba. Nasikiliza.