Kitabu cha Profesa na Nguo za Ijumaa

Ijumaa hiyo, ndani ya basi la kwenda Ribeira, Dona Jucélia muuza bhajia za kunde alimsomea mama aliyekaa naye barua ya chuo kikuu, kwa sauti mpaka dereva akasikia. Chuo kilitaka aeleze utafiti wa Profesa Anselmo kuhusu dini umebadilisha nini maishani mwake.

"Umebadilisha, tena sana!" alifoka. "Kaandika kwamba sisi walokole wa Jumapili, ikifika Ijumaa bado tunamvalia nyeupe Oxalá, mungu wa mababu. Mchungaji kakisoma kitabu, sasa kila Ijumaa anasimama kituoni kutukagua!"

"Si alificha jina lako, dada?"

"Kaficha nini? 'Mama J., muuza bhajia mwenye jino la dhahabu, mkabala na kituo cha mafuta.' Tuko wangapi?"

"Lakini nyeupe si unavaa kweli?"

"Mama alivaa, bibi alivaa. Mazoea tu! Nikivaa nyekundu Ijumaa nawashwa mwili mzima."

"Basi ndiyo hayo aliyoandika."

"Kwani wewe uko upande wa nani?" Akavuta koti la bluu juu ya blauzi yake nyeupe. Yule mama, kumbe naye wa kanisa lilelile, akafunga lake. Nami niliyekaa kiti cha nyuma yao, kusema kweli, nikafunga langu, na joto lote lile.

Basi likasimama. Mchungaji alikuwa pale kituoni, kitabu kwapani, macho makali mlangoni. Shati jeupe, suruali nyeupe, mpaka viatu.