Kumtoa Mwanangu kwa Farasi

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi, pale barabara mbili zinapokutana, na mimi hukaa pembeni yake na birika langu la kahawa. Wanywaji ni walewale. Kuna Kinyozi mwenyewe, ambaye wembe wake hupumzika lakini mdomo haupumziki. Kuna Redio, tulimpa jina hilo kwa sababu hazimiki. Na kuna Fundi Geti, mchomeleaji wa vyuma, mwanangu wa kwanza kumzaa. Asubuhi ile Fundi Geti alikuja hajavaa nguo za kazi, akakaa ukingoni kama mtu anayengoja kuitwa. Nikajua. Alikuwa anakwenda kumtoa mdogo wake kwa farasi.

— Mama, usinitazame hivyo, akasema. Nimemtafutia kazi. Lori linaondoka leo adhuhuri na tajiri hasubiri mtu. Akiikosa hii, nani tena atampa usukani?

— Mwenyewe umemwuliza?

— Anaulizwa nini mtu anayeshinda akimchana farasi nywele?

Kinyozi akacheka. Aliponiona, akajiziba mdomo.

Kitindamimba wangu ni dereva. Lori lilipinduka naye mteremkoni. Yeye alitoka na mikwaruzo, utingo wake hakutoka. Tangu hapo mlango ukibamizwa anaingia chini ya meza. Usiku alikuwa akimwita mwenzake mpaka majirani wanawasha taa. Hospitali ndiyo iliyomwelekeza huko nje ya mji, kwenye banda ambako watu walioumia roho wanakwenda kukaa na farasi.

— Mimi nawaambia ni harufu, Kinyozi akasema. Jasho la farasi lina dawa. Linapanda puani, linakwenda kulegeza ubongo. Hamuoni anarudi ananuka na anasinzia?

— Harufu gani, wewe! Redio akamrukia. Ni moyo. Moyo wa farasi ni kama ndoo. Ukisimama ubavuni pake, wake unauvuta wako. Kama gari lililokufa betri, unaliunganisha na gari zima, linawaka.

— Basi limeshawaka, Fundi Geti akasema. Aje aendeshe.

— Ngoja kwanza. Na ukizidisha kuunganisha? Moyo wa mtu unageuka wa farasi. Siku moja unamkuta uani, amepiga magoti kwenye majani...

— We Redio!

— Samahani, mama. Nasema inawezekana.

— Hata hilo dogo, Kinyozi akasema, akashusha sauti. Jiulizeni, ile ajali imekwenda wapi? Ikimtoka kijana lazima iingie pengine. Imeingia kwa farasi. Yule mnyama sasa amebeba lori zima tumboni. Siku akikurupuka nalo, na kijana yuko mgongoni?

Hakuna aliyecheka. Fundi Geti akasimama.

— Mama, umesikia? Nyinyi wawili, twendeni. Mmoja amshike huku, mwingine kule.

Nikasimama na birika langu mkononi, la moto vilevile, nikamzibia njia.

— Umshike mdogo wako kama mwizi?

— Nitamshika kama mgonjwa! Unataka azeeke na mnyama? Wateja wananiuliza, eti mdogo wako amepanda cheo, siku hizi ni dereva wa farasi. Unajua inavyouma?

— Hata hampandi, nikamwambia. Na siku hizi analala. Wewe huko kwako hujui. Mimi ndiye niliye chumba cha pili, namsikiliza anavyohema. Jambo moja tu aliniambia la huko: "Mama, ukimsogelea umekaza meno, farasi anaondoka. Hapigi teke, hakasiriki, anaondoka tu. Ukitulia ukapumua, anarudi mwenyewe." Na sisi hapa, siku ile alipokuja, tulimfanyia nini? Wewe Redio ulimwuliza lori lilibingirika mara ngapi.

Redio akatazama ndani ya kikombe.

— Nilitaka kujua tu.

— Ndiyo hivyo. Farasi hataki kujua.

Fundi Geti hakurudi nyuma.

— Mama, mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha gari. Kila nikimwona amekaa bila usukani, naona nimemmaliza mimi. Nipishe.

Kinyozi akavua aproni yake, akaitundika. Ndipo tukamwona mke wa utingo anavuka barabara, anakuja kwetu.

Tangu mazishi hakuwa amekanyaga kona hii. Mumewe alikuwa akikaa palepale alipokaa Redio. Sauti yake ninayo hata leo: "Mama, yangu usitie sukari, mimi mwenyewe mtamu," na benchi zima linamzomea. Redio alihama bila kuambiwa. Nikasema moyoni, leo tumekwisha. Wangu yuko hai, wake yuko udongoni, na sisi tunampigia kelele farasi mpaka ng'ambo ya barabara wanasikia.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Kaa.

Hakukaa. Alikuwa anausokota mtandio wake kama anaukamua maji.

— Shemeji, akamwambia Fundi Geti, nasikia unakwenda kule kwenye farasi.

— Nakwenda, shemeji. Nakwenda kumchukua mdogo wangu.

— Ni kweli siku hizi analala?

Fundi Geti akanitupia jicho.

— Mama anasema analala.

— Mimi silali, akasema yule binti. Nikifumba macho nalisikia lori linapinduka, na wala sikuwemo. Huko, na mimi watanipokea?

Kinyozi, mjuzi wa jasho, akageukia aproni yake. Redio akawa kama kachomolewa waya. Na mimi, mama mtu, nikaliweka birika chini. Asubuhi nzima tulikuwa tumemsengenya yule farasi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika langoni kwake.

— Sijui, shemeji, Fundi Geti akasema.

— Basi kaniulizie. Nangoja hapa.

Akakaa. Fundi Geti akaondoka peke yake, wale wawili hakuwaita. Adhuhuri lori la tajiri likapita pale konani na dereva mwingine, na mwanangu wa kwanza alikuwa bado hajarudi.