Begi Lililokataa Kugeuka

Nawasalimu nyote, mlio wa zamani kwenye chama na nyinyi mliokuja leo mara ya kwanza. Mwenyekiti, naomba uniruhusu nisimame hapa karibu na mlango. Nikiwa karibu na mlango naongea vizuri zaidi.

Nimeambiwa niseme vile nilianguka na vile niliinuka. Sitataja jina la mtu. Wengine wenu mtajijua katikati ya maneno, na mkijijua, tafadhali nyamazeni mpaka nimalize.

Ndugu zangu, mimi ni muoga. Wacha nianze hapo. Sikuzaliwa hivyo. Kule kwetu Ukambani nilikuwa naua nyoka kwa jembe huku dada zangu wamepanda juu ya meza wanalia. Uoga wangu niliupatia hapa Nairobi, kazini, mchana kweupe.

Niliajiriwa kwenye kiwanda kimoja kule Baba Dogo, tukishona mabegi ya shule. Miaka minne nilishona vitu vilivyonyooka tu: kamba za begani, mfuko wa mbele, basi. Zipu zilikuwa kazi ya mama mmoja kwenye laini yetu, na siku alipougua, msimamizi akatuangalia wote, akaninyooshea kidole mimi. Wewe, hamia pale.

Mnaojua zipu mnajua taabu yake iko wapi. Unashona vizuri kando ya meno, halafu unafika penye kichwa cha zipu, kile kidude unachovuta. Mguu wa cherehani unagonga kichwa, unasukumwa pembeni, mshono unapinda. Na kiwandani mashini ni za stima, hakuna kusimama, begi lingine linakungoja. Nikafanya nilichoona rahisi. Nikakisukuma kile kichwa kwa kidole huku mashini inaenda. Sindano ikapita kwenye ukucha, ikatokea upande wa pili, ikavunjikia ndani.

Siwaambii haya ili mnihurumie. Kidole kilipona. Shida ni kwamba niliporudi kazini, mkono ulikataa. Nikiona zipu inakaribia mguu wa mashini, jasho linanitoka mgongoni, masikio yanaziba, nakuta nimeachilia kila kitu bila kujua. Msimamizi alinivumilia siku nne. Ya tano akaniambia nikapumzike nyumbani mpaka nitakapoitwa. Sikuitwa, na baadaye kiwanda chenyewe kilifungwa, mitumba ilipojaa kila soko.

Mwaka mzima nikawa nafulia watu nguo. Mume wangu ni mtu wa kibarua, akipata leo kesho hapati, na tuna wasichana wawili shuleni. Ndipo jirani yangu wa mlango wa pili, mama wa kutoka Magharibi, akaniambia habari za chama hiki. Ati kina mama wanashona mabegi, na kila mmoja anapewa cherehani ya miguu akae nayo nyumbani. Niliposikia cherehani, nikataka kukataa. Nikamwambia mume wangu. Akasema, "Si hiyo ni ya kukanyaga? Hiyo haiendi mpaka wewe uende." Nikaja.

Kwa wale wageni, hapa kila mmoja ana rangi yake ya uzi. Ukimaliza begi, unashona alama ndogo kwa uzi wako kwenye kona ya ndani, chini kabisa. Begi likirudishwa na wauzaji wetu wa soko la Muthurwa, Jumamosi tunaliweka mezani, tunaligeuza, tunaangalia rangi, na mwenye rangi anaeleza. Mimi nilipewa kijani. Na kuna sharti moja ambalo mtasomewa leo: cherehani inakaa na yule anayeshona begi lake mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho.

Hilo sharti nililivunja wiki ya kwanza.

Nilikaa na jirani yangu tukapatana. Mimi nitamkatia turubai na kumshonea kamba, yeye atanitilia zipu. Alinionea huruma, na pia nakata vizuri kuliko yeye, msimwambie nimesema. Basi mabegi yangu yakawa yanapita mlango wa pili yakiwa vipande, yanarudi kwangu yakiwa mabegi, na mimi natia alama yangu ya kijani kwenye kona. Nilikuwa nakaa naye akishona, tunapiga story. Akifika kwenye kichwa cha zipu nilikuwa nageuza uso, naangalia ukuta mpaka nisikie amepita.

Jameni, kilichonitisha zaidi si kushikwa. Ni kusifiwa. Miezi minane, hakuna begi la kijani lililorudi. Mwenyekiti akawa anainua begi langu mbele ya watu, anafungua, anafunga, anasema, "Hii zipu imenyooka. Muulizeni huyu anafanyaje." Mimi nacheka na meno tu. Nikifika nyumbani siwezi kula. Nilikuwa nikiiona ile cherehani kwangu, naiona kama kitu cha wizi.

Halafu siku moja akasema: "Wiki ijayo tuna wageni watano. Mama wa uzi wa kijani ndiye atawafundisha zipu."

Nikatoka pale nikaenda moja kwa moja kwa jirani. Mlango umefungwa kwa kufuli. Mama mkwe wake alikuwa amefariki, naye jirani amepanda basi asubuhi ile kwenda Kakamega, hajulikani anarudi lini.

Wiki hiyo sitaisahau. Jumatatu nilikaa mbele ya cherehani na zipu mkononi mpaka wasichana wakarudi kutoka shuleni, na sikuwa nimeshona hata mshono mmoja. Jumatano nilijaribu. Nikafika kati ya begi, nikaona kile kichwa, nikasikia sindano kwenye ukucha kabisa, nikainuka nikaenda kusimama nje kwenye kamba za nguo. Nikajua wakigundua wataichukua cherehani, na mimi nirudi kufua, na wasichana warudi kwenye kutumwa nyumbani kuleta karo. Ijumaa nikafanya kitu cha aibu. Nikajifunga bendeji kwenye kidole kisicho na kidonda. Mume wangu akaniuliza kimefanya nini. Nikasema kimebanwa na mlango.

Jumamosi nikaja hapa nimeinua kidole kila mtu akione. Nilidhani nitaambiwa nenda nyumbani. Mwenyekiti akasema pole. Mnamjua huyu mama yetu wa Majengo, sauti yake haipandi. Akasema, "Basi wewe utaelekeza kwa mdomo, mimi nitashona. Nitafanya vile utasema, siongezi, sipunguzi."

Mdomo niliuweza. Laza zipu kifudifudi kwenye ukingo wa turubai. Shona upande mmoja. Lete turubai ya pili, shona upande wa pili. Alipofika kwenye kichwa, niliangalia ukuta. Nikasikia amepita. Nilipogeuka zipu iko mezani imefungwa vizuri, wageni wanaandika kwenye daftari, na mimi nikaanza kupumua. Nikasema, sasa kunja, uso kwa uso, ushone kando zote na chini.

Akaniangalia juu ya miwani. "Nishone hivi ilivyo?"

"Hivi ilivyo."

"Una hakika?"

Nikasema nina hakika. Akashona. Akakata uzi, akanipa. "Haya, wageuzie waone."

Nyinyi wa zamani mmeanza kucheka, na mna haki. Begi linashonwa likiwa ndani nje. Ili uligeuze, lazima upitishe mkono kwenye zipu, na kwa hiyo lazima uwe umeiacha wazi kabla ya kufunga kando. Mimi nilishika lile begi nikatafuta mahali pa kuingiza mkono. Hakuna. Zipu imefungwa, na kichwa chake kiko ndani, hakishikiki. Nikaligeuza huku na huku. Nikabonyeza kona. Nikasahau kabisa bendeji, nikavuta kwa mikono yote miwili, na bendeji ikateleza ikaanguka mezani. Kidole changu kiko wazi mbele ya watu, kizima.

Hakuna aliyecheka siku ile. Afadhali wangecheka.

Mwenyekiti akasema pole pole, "Mama, kila mtu humu amewahi kushona begi likakataa kugeuka. Mara moja, halafu hasahau maisha yake yote. Wewe umetuletea mabegi miezi minane. Nani anakutilia zipu?"

Nilitaka kusema uongo mwingine, na nawaambia ukweli, ulikuwa tayari mdomoni. Ulimi ndio ulikataa. Nikasema, "Si mimi. Mimi siwezi. Naogopa." Nikawaonyesha ukucha ulioota umepinda, nikawaeleza habari ya kiwanda, nalia mpaka kamasi.

Nilingoja waseme rudisha cherehani. Mama mmoja aliyekaa nyuma akauliza, "Kwani huko kiwandani hukuambiwa usimame?" Nikamwambia huko hakuna kusimama. Mwenyekiti akainuka kwenye kiti. Akasema, "Hapa kuna kusimama. Kaa."

Nikakaa, nikaweka miguu kwenye kanyagio. Akaitoa, akaiweka sakafuni. Akashika mkono wangu akauweka kwenye gurudumu la pembeni. "Usikanyage. Zungusha kwa mkono, mshono mmoja, ungoje." Nikazungusha. Sindano ikashuka, ikapanda. Ilikuwa inafanya kile ninachoiambia tu. Tulipokaribia kichwa cha zipu nikaanza kutoka jasho, nikamwambia siwezi. Akasema, "Shusha sindano iingie kwenye turubai uiache hapo. Umeona? Sasa imeshikwa na turubai, haiwezi kwenda popote. Inua mguu wa cherehani. Sasa chukua kichwa ukivute kipite nyuma."

Ndugu zangu, kichwa kikapita. Kidole changu kilikuwa nusu inchi kutoka kwenye sindano, na sindano ilikuwa imesimama. Nikashusha mguu wa cherehani, nikaendelea kuzungusha. Chai ilipoa, mandazi yakakauka, na hakuna mtu aliyeondoka. Nilipofika mwisho mkono ulikuwa umekufa ganzi, na zipu ilikuwa imepinda kama njia ya mbuzi. Nikatafuta wembe niifumue. Mwenyekiti akauficha wembe kwenye kanga yake. Akasema alama ya kijani iwekwe vile vile.

Msidhani niliachiliwa hivi hivi. Cherehani ilitolewa kwangu, ikarudi hapa ukumbini miezi mitatu. Nikawa natembea kila asubuhi kuja kushonea hapa mbele ya macho yao. Jirani yangu aliporudi kutoka msibani naye alisemwa, na kwa mwezi mmoja hakuniitikia salamu. Hilo liliniuma kuliko cherehani. Na mume wangu nilimweleza habari ya bendeji. Akasema alikuwa anajua, kwa sababu mlango wetu ni wa pazia.

Leo ninayo cherehani nyumbani, na wageni wakija mimi ndiye ninayefundisha zipu, kweli kweli.

Nakushukuru, jirani, kwa miezi minane ya huruma, na kwa kurudi kuniitikia. Mwenyekiti, nakushukuru kwa kushona begi baya ukijua ni baya. Mama uliyeuliza lile swali kutoka nyuma, Mungu akubariki, hujui ulichonifanyia. Na nyote mliokaa mpaka chai ikapoa, asanteni.

Wageni, somo langu ni fupi. Mtu akikuuliza unaweza kitu, na mwili wako unakataa, sema naogopa. Sema hapa, mezani, mapema, kabla hujajenga nyumba nzima juu ya uongo. Tutakutoa miguu kwenye kanyagio, tutazungusha kwa mkono pamoja nawe. Lakini msije kwangu mkitaka dawa ya kumaliza hofu. Sina. Leo asubuhi kabla sijaja hapa nimeshona zipu tatu, na zote tatu nimeziogopa.