Mwalimu Leonce Margwe na Uwanja Alioutengeneza Buger

Mwalimu Leonce Margwe anastaafu leo, Ijumaa tarehe 12 Septemba 2025, baada ya kufundisha miaka thelathini na miwili katika shule yetu ya msingi hapa Buger. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Lukresia, niliyefundisha naye darasa jirani, niandike wasifu mfupi na wa kuchangamsha. Mfupi nitaweza.

Alicheza soka ya kulipwa mjini Arusha kwa misimu sita, beki wa kushoto, mpaka goti lilipomkatalia. Wenzake walibaki mjini wakisimulia mechi za zamani. Yeye alikwenda chuo cha ualimu, akarudi nyumbani kufundisha Hisabati, akakuta shule haina pa kuchezea. Palikuwa na mteremko tu, na mpira ukipigwa kwa nguvu uliishia kwenye mbaazi za watu.

Viangazi viwili mfululizo aliitisha msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Wazazi walileta maksai na majembe, wanafunzi wakabeba udongo kwa ndoo, naye akapima usawa kwa kamba na chupa ya maji. Uwanja huo ndio uliotupa timu ya wasichana iliyochukua kombe la wilaya mara nne, wakati baadhi ya wazee walikuwa bado wanabishana kama binti anaruhusiwa kuvaa bukta. Kwenye uwanja huo huo, akiwa na miaka hamsini na mitano, Mwalimu alimchezea rafu paroko katika mechi ya walimu na kanisa. Jumapili akapanga foleni ya komunyo kwa paroko huyo huyo, bila haya.

Sasa niseme kinachonikera. Kamati ya shule imeipa kambi ya watalii inayojengwa jirani uwanja huo, magari yapate pa kuegesha. Magoli yatang'olewa Jumatatu. Na kamati inaamini imemheshimu: mchana huu ataombwa afunue jiwe lililoandikwa "Maegesho ya Mwalimu Margwe". Yeye hajui. Tumeagizwa sote tunyamaze ili afurahi kwa kushtukizwa.

Nilikasirika nilipoambiwa, na hadi naandika haya bado nimekasirika. Mtu amesawazisha mteremko kwa mikono yake, halafu mnaliweka jina lake mahali pa kumwagia oili. Hakuna mzazi wala mwanafunzi aliyeulizwa. Kwa hiyo nayaandika hapa, kwenye ratiba ya sherehe atakayopewa kabla ya hotuba ya kwanza, na anayetaka kunichukulia hatua anajua darasa langu lilipo.

Mwalimu, ahsante kwa miaka yote. Tunakuombea goti lipate nafuu, shamba likupe mavuno, na wajukuu wakuchokoze kila siku. Mshereheshaji akikuita kufunua jiwe, usinyanyuke kitini. Mabinti kumi na mmoja wa timu yako wameshavaa jezi, wako uwanjani tangu asubuhi, na hawana mpango wa kutoka.