Mwalimu Dasta Hakuomba Msamaha

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mnanijua mimi ni mtu wa utani, lakini leo nimeingia studio nimefura. Tunamkumbuka mwalimu wa fizikia aliyezikwa Jumamosi iliyopita. Sisi wanafunzi wake tulimwita Mwalimu Dasta. Nasema "sisi" kwa sababu nilikaa dawati la pili, karibu na dirisha, na alama zangu tusiziongelee.

Jina hilo alilipata kwa somo moja tu, somo la atomu. Alichora duara ubaoni akalijaza chaki lote. Akasema hivyo ndivyo watu wenye akili zao walivyoiona atomu zamani: tonge gumu lisilogawanyika. Tukanakili. Akachukua dasta, akafuta. Akachora duara lenye vidoa ndani, kama mkate wenye zabibu kavu. Vidoa ni elektroni, akasema, zimegunduliwa, kwa hiyo tonge limeshindwa. Tukanakili. Akafuta tena. Kisha akatusimulia habari za watafiti waliofyatua chembe ndogo kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu. Nyingi zikapenya. Chache zikarudi zilikotoka. Kumbe atomu karibu yote ni uwazi, na katikati kuna kiini kidogo mno. Akachora nukta ndani ya duara tupu, akafuta na hiyo. Akachora kiini na njia za duara, elektroni zikikizunguka. Tukashusha pumzi, maana huo ndio mchoro uliokuwa kitabuni.

Naye akafuta.

Darasa zima tulinung'unika. Akalaza chaki ubavu, akapaka ubaoni kitu kama wingu. Akasema: "Elektroni haina barabara. Usiseme inazunguka, sema hupatikana. Hapa zaidi, pale kidogo. Kama baba zenu mwisho wa wiki." Tulicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Lakini hakuturuhusu kuwacheka wale waliochora mwanzo. Alisema kila mmoja alichora alichoweza kukiona, na aliyefuata akamsahihisha bila kumtukana.

Hupatikana. Wasikilizaji wapendwa, neno hilo moja ndilo lililomponza.

Mwaka uliofuata aliitwa kusahihisha mitihani ya taifa. Mwongozo ulisema jibu ni moja: elektroni huzunguka kiini kwenye njia maalumu. Katika bunda lake akakuta karatasi kumi na moja zilizoandika kwamba elektroni hupatikana katika wingu. Akazipa alama. Mwenyekiti wa jopo akamwambia azikate. Akakataa. Akaleta kitabu cha chuo kikuu, akakifungua mezani mbele ya mwenyekiti. Mwenyekiti hakukitazama. Alisema mwongozo ni mwongozo.

Kitumbua kikaingia mchanga. Ikaja barua kutoka ofisi ya elimu: "Umepatikana na hatia ya kupotosha watahiniwa." Angalau neno lake walilitumia. Akaondolewa darasani, akapewa funguo za stoo ya maabara. Mwanamke aliyeweza kuifungua atomu kwa kipande cha chaki akawa anapangusa vumbi kwenye mizani na kuhesabu chupa tupu. Miaka tisa. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: miaka tisa.

Mwaka wa sita kikatoka kitabu kipya cha shule. Ukurasa wa arobaini na mbili, wingu la elektroni. Mwongozo nao ukabadilishwa, kimya kimya. Mwalimu akaenda ofisini na kitabu kwapani, akaomba jambo moja tu: ile barua isahihishwe. Ofisa akamkalisha vizuri, akampa chai, akamsogezea fomu. Atie saini, kesho arudi darasani. Fomu ilisema: "Nakiri kosa langu na ninaomba msamaha."

Akamaliza chai, akaaga.

Mkuu wa shule alimsihi: funika kombe mwanaharamu apite. Hata dada yake mkubwa alimsihi. Dada huyo ameniambia: "Nilimgombeza. Nikamwambia, mdogo wangu, saini ni wino tu. Akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyenakili jibu la jirani. Leo najuta, mwanangu." Na binti yake, ambaye ni mshonaji, ameniambia: "Mama hakuwa mkaidi. Alisema msamaha ni wa mkosaji. Kama yeye kakosa, basi na wale watoto kumi na mmoja walikosa."

Ndivyo alivyobaki stoo mpaka ugonjwa ukamtoa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo damu inaponichemka. Jumamosi, jeneza likiwa mbele yetu, mjumbe wa ofisi alisimama na karatasi. Akasoma kwamba marehemu alikuwa hazina. Akasoma kwamba marehemu alikuwa mfano. Kisha akasoma: "Kwa kuzingatia utumishi wake, ofisi imeamua kumsamehe marehemu." Kumsamehe! Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawa walimnyonga, na haki wakaondoka nayo.

Binti akainuka. Akaiomba ile karatasi kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Akatoa kalamu nyekundu kwenye mkoba, akakata neno moja, akaandika mengine mawili juu yake. Akamrudishia mjumbe. "Rudia kusoma, baba, tafadhali."

Tukangoja. Mjumbe aliitazama karatasi, akaikunja, akaiweka kitini, akaketi kando yake.

Kwa binti, kwa dada, na kwa wote waliofiwa, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nawe unayenisikiliza, hasa kama una muhuri mezani, jiulize: ni nani unayemtaka akuombe msamaha kwa sababu tu alikuwa sahihi kabla yako?

Karatasi ile waliisahau kitini. Ninayo hapa studio. Naisoma kama ilivyosahihishwa: "Ofisi imeamua kumwomba radhi marehemu."

Nimesoma mimi. Wao bado.