Kinene au Chembamba

Kijiwe cha Viwanja Sitini, pale Ifakara, kipo ubavuni mwa banda la Eustaki, fundi baiskeli ambaye watu wamemzoea kwa jina la Dokta Spoku. Asubuhi ile palikuwa na birika la kahawa, benchi moja na mzozo. Telesphory, aliyeandika programu za kompyuta za ofisi moja pale mjini tangu wenzake hawajaiona kompyuta kwa macho, alikuwa ametakiwa ajifunze lugha mpya ya kuandikia programu, iitwayo C, kabla ya masika. Akishindwa, kazi angepewa mtu wa Dar. Shemeji yake Hilari alikuwa anapanda treni kwenda huko huko Dar, na duka la vitabu la huko lilikuwa na viwili tu vya lugha hiyo: kinene cha wanaoanza, na chembamba cha wanaojua tayari. Hilari angeleta kimoja.

— Shemeji, sema basi, treni hainisubiri mimi, alihimiza Hilari.

— Chembamba, alisema Telesphory, ila sauti haikutoka vizuri.

Mabula, mpima mpunga waliyemwita Mizani, aliweka kikombe chini.

— We Tele, acha mchezo. Chukua kinene. Kitu cha maana lazima kiwe na uzito.

— Kinene kitaanza kunieleza kibodi ni nini, Mizani. Mimi, miaka yote hii!

— Na aliyekiandika hakuelewa mwenyewe, alidakia Spoku, tairi mapajani. Anazunguka tu. Mimi kuziba pancha nakufundisha kwa maneno matatu.

— Ndiyo maana kesho yake zinatoboka tena, alijibu Mizani.

— Sikiliza bwana! alisema Spoku. Chembamba ni cha siri. Vitabu vya wanajeshi vyote vyembamba, ili ukikamatwa unakimeza.

— Unameza kitabu?

— Kwa chai.

— Basi mimi nakwambia kinene hata husomi, unakilalia. Kuna kijana wa Mang'ula alilalia cha fizikia mwezi mzima, akafaulu.

— Shingo imepinda!

Telesphory alicheka nao kidogo. Hakuwaambia kwamba safari iliyopita alikifungua chembamba pale dukani, akarudia ukurasa wa kwanza, akakirudisha rafuni bila kuelewa kitu. Aliogopa, na aliona aibu kuogopa. Akionekana na kitabu cha wanaoanza, ofisini wangesemaje?

Hapo akafika Luciana, mwalimu mgeni wa shule ya Lumemo, akisukuma baiskeli.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwalimu. Kaa, tunamchagulia mwenzetu kitabu, alisema Spoku.

Wakamweleza yote, kila mmoja akivutia kwake. Akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Telesphory.

— Samahani kaka, ukisoma hicho chembamba ukakwama, hapa Ifakara utamuuliza nani?

Mizani akamtazama Spoku. Spoku akaanza kupapasa tairi upya. Telesphory aliupitisha mji mzima kichwani, hospitali, seminari, stesheni, ofisi moja baada ya nyingine, asipate mtu. Alikuwa peke yake katika kazi hii, na hakuwahi kuuhisi upweke huo kama alivyouhisi pale.

Hilari alikuwa ameshapanda baiskeli yake.

— Shemeji?

— Kinene, alisema Telesphory, na benchi zima likasikia. Wala usije ukakifunika na gazeti. Wacha wakione.