Mzee Desimali: Aliyetutesa kwa Nukta Moja

Baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, tarehe 30 Juni, mwandishi mkuu wa programu katika kitengo chetu cha picha anastaafu. Jina lake limo kwenye faili la utumishi; sisi tunamwita Mzee Desimali, na yeye huitika.

Alianzia chumba cha pembeni, chenye feni iliyopiga kelele kuliko upepo. Humo, peke yake, aliandika maktaba ya amri za kompyuta ambazo hadi leo hukata, huzungusha na hung'arisha picha za eksirei katika hospitali kadhaa. Ni kazi kubwa, hakuna anayebisha. Ila kila amri aliiandika kadiri alivyoamka siku hiyo. Ya kukata picha ilitaka upana kwanza, kisha urefu. Ya kuzungusha ilitaka urefu kwanza. Ya kupunguza ilikubali neno "nusu", ikakataa "robo". Ya mwangaza ndiyo iliyozidi: ukiandika 1, ilidhani unataka hatua moja kati ya mia mbili hamsini na tano, ukiandika 1.0, ilidhani unautaka mwangaza wote, ikakupa picha iliyopauka kama shuka kuukuu. Haikuonya wala kuuliza.

Tulipolalamika alijibu, "Someni maelekezo." Maelekezo yenyewe hakuwahi kuyaandika. Dada wa huduma kwa wateja, aliyeshinda akipokea simu za madaktari wenye hasira, alibandika ukutani karatasi yenye kila amri na vituko vyake. Mzee alisimama, akaisoma yote, akatoa kalamu na kusahihisha tahajia.

Miaka sita iliyopita mama mkwe wa Mzee aliteleza bafuni. Akapigwa picha ya nyonga katika hospitali inayotumia programu yetu. Mpiga picha alitaka kuongeza mwangaza kidogo tu, hatua moja, akaandika 1.0. Ukingo wa mfupa ukamezwa na weupe, na ufa nao ukapotea. Bibi akarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu. Siku ya tatu alishindwa kusimama kabisa, na picha ya pili ikaonyesha mfupa uliovunjika.

Mzee alikwenda kumwona wodini. Bibi, aliyekwisha kusikia madaktari wakiilaani programu, akamuuliza, "Baba, hicho kitu kakiandika nani?"

"Ni mimi, mama."

"Basi nenda kakirekebishe. Mimi nipo hapa hapa, siendi popote."

Kesho yake Mzee alivuta kiti, akamwomba yule dada akae karibu. Dada alisoma malalamiko ya miaka mingi, Mzee akarekebisha. Iliwachukua miezi minane. Kati ya amri arobaini na tatu, zote za vipimo zikataka upana kwanza, na ya mwangaza, ikipewa namba isiyoeleweka, ikajibu: "Sijui unamaanisha nini. Andika asilimia." Ilikuwa mara ya kwanza kwa kitu chochote kilichotoka mikononi mwa Mzee kukiri kwamba hakijui.

Hakutuomba radhi hata siku moja. Lakini maelekezo yalipochapishwa hatimaye, jina la dada lilitangulia lake, na mwaka uleule akampigania apandishwe cheo. Bibi sasa anatembea kwa mkongojo na anamtuma Mzee dukani bila huruma.

Mzee, asante kwa kazi, na hasa kwa ile uliyoifanya mara ya pili. Nenda kapumzike kwa afya na amani. Tunakuombea wajukuu wenye maswali mengi, na uyajibu yote.